Kopo la fomalini nililipakata mpaka Mwanza

Mhariri, naomba nafasi maana hili jambo linanikaba.

Baba yangu mdogo wa hapa Ujiji alianza kupata choo chenye damu, sasa huku kwetu mtu akisema hivyo jibu lipo tayari, bawasiri, akanunuliwa mitishamba ikaisha, akapewa dawa za amiba zikaisha, mara taifodi, miezi inakatika na suruali zinamvuka. Mwisho akapasuliwa, kikatolewa kipande cha utumbo mpana, halafu tukakabidhiwa wenyewe kwenye kopo la fomalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze, eti tupeleke maabara Mwanza. Konda anataka nikiweke kwenye buti nikakataa, abiria wa pembeni akaniuliza kama ni mawese.

Majibu yakaja na vitu viwili. Adenokasinoma, ile saratani iliyozoeleka ya utumbo, na pembeni yake saratani nyingine, limfoma. Mtaani wakasema moja sawa, mbili huyu katupiwa.

Daktari ndo akatufungua macho. Ukuta wa utumbo una tabaka na chembe za kila namna: kwenye ngozi laini ya ndani zipo zinazotoa ute, hapo ndipo inapoanzia adenokasinoma ambayo ni zaidi ya tisa katika kila saratani kumi za utumbo mpana, kuna chembe za kinga ambazo zikiharibika ni limfoma, na kule kwenye misuli inaweza kuota nyingine inaitwa gisti. Kukutana mbili sehemu moja ni nadra sana ila inatokea, na wala hakuna mkono wa mtu.

Sasa kinachoniuma ni hiki, tiba zake haziingiliani. Dripu za adenokasinoma si zile za limfoma, gisti nayo ina vidonge vyake vya imatinibu. Mpimaji angeridhika na saratani ya kwanza aliyoiona asikate upande wa pili, si tungekuwa tunatibu nusu ya ugonjwa? Na mimi lile kopo lingenimwagikia njiani je?

Hospitali zisafirishe vinyama zenyewe jamani, kipande chote na matezi yake, kikiwa na maelezo ya mgonjwa, wasimpe mtu aliyechanganyikiwa na nauli ya kukopa. Wiki ijayo tunarudi Mwanza kliniki, safari hii angalau baba mdogo anakaa kwenye siti yake mwenyewe.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma