Mabehewa chakavu yasafishwe kabla ya kupigwa mnada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingefaa kuamuliwa mapema, wakati reli ya kisasa kati ya Isaka na Mwanza ingali inajengwa, kuliko kusubiri mpaka mabehewa ya reli ya zamani yawe yameegeshwa pembeni yakingoja mnunuzi.

Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ina upana wa mita 1, ilhali mpya ina milimita 1,435, kwa hiyo behewa la zamani haliwezi kuhamia njia mpya bila kubadilishiwa magurudumu na fremu zake, na yale yatakayochakaa yataishia kwenye chuma chakavu. Biashara hiyo siipingi hata kidogo, kwani chuma huyeyushwa na kutumika tena, na vijana wengi wanakula kwa kazi hiyo. Ninachokipinga ni kuliuza behewa kwa kilo pamoja na kila kilichomo, kisha likakatwe kwa gesi uwanjani.

Aliyesimama karibu na fundi anayekata bodi kuukuu ameona jinsi rangi inavyofura malengelenge, tabaka baada ya tabaka, kabla moto haujafika kwenye chuma chenyewe. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na fundi huyavuta akiwa na miwani tu usoni. Mabehewa mengi ya kale, popote duniani, yalifungwa asbestosi kuzuia joto, na nyuzi zake husababisha saratani miaka mingi baadaye. Mafuta na tindikali ya betri vikimwagika katikati ya jiji, mvua huvisomba hadi Mto Mirongo, nao humwaga ziwani tunakochota maji ya kunywa. (Na asitokee wa kutushauri tuyazamishe mabehewa yawe mazalia ya samaki kwa sababu New York ilifanya hivyo kuanzia mwaka 2001, wao walizamisha katika Bahari ya Atlantiki, ambayo hakuna anayeinywa.)

Behewa lililosafishwa lina thamani kuliko uzito wake: springi zake mhunzi hufua mapanga, na bodi huwa ghala au chumba cha mafunzo ya uchomeleaji. Ningependa pia moja kati ya yale yaliyovushwa na meli ya MV Umoja kwenda Port Bell, Uganda, lihifadhiwe kituoni.

Kwa hiyo naomba masharti ya zabuni yatamke kwamba asbestosi, mafuta na betri viondolewe na wataalamu chini ya usimamizi wa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, kabla behewa halijapimwa, na gharama hiyo ibebwe na muuzaji, si fundi wa mtaani.

Msomaji wenu,
Igogo, Mwanza