Asilimia 40 ikatwe hapa hapa

Ndugu Mhariri,

Kila tukiuliza kwa nini uchumi wa nchi yetu, Kongo, hausogei, tunajibiwa kwamba hakuna umeme, barabara wala viwanda. Kweli havipo vya kutosha. Lakini malori ya shaba na kobalti yanapita kila siku kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na makuta (fedha) yanayotozwa kwa mizigo hiyo yapo. Swali ni nani anayeyashika kwanza.

Kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinasema wazi: asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, nayo inakatwa palepale yanapokusanywa. Mpaka leo mapato yanakwenda Kinshasa, kisha sehemu yake ndiyo inarudishwa. Fungu linalokatwa mapema halimngoji mtu. Linalorudishwa lina mkubwa wa kulitia sahihi, na gavana anayengoja sahihi hiyo hawezi kumpinga.

Kuchelewa huko kunaua kazi. Hapa jimboni Haut-Katanga mvua huanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili. Barabara ya udongo mwekundu wa changarawe hushindiliwa ukiwa na unyevu wa kiasi. Ukilowa sana, rola huusukuma pembeni bila kuukaza, na lori la kwanza lenye mzigo huacha mitaro. Kwa hiyo zabuni ziwe zimekwisha Aprili, mitambo ianze Mei. Makuta yakifika Novemba, barabara itajengwa juu ya matope, au yataliwa na matumizi mengine.

Wanaosema haiwezekani kugawanya mapema watazame Kanuni ya Migodi, yaani sheria ya madini. Katika ile ya 2002, mrabaha, yaani malipo ya kampuni za migodi kwa madini yanayouzwa, ulipitia Hazina ya taifa kwanza. Tangu marekebisho ya Machi 2018, mafungu yanalipwa kila moja mahali pake: 50 kwa mia serikali kuu, 25 jimbo, 15 serikali ya chini yenye mgodi (komini, sekta au eneo la chifu), 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, ikiwa madini ya kimkakati, hulipiwa asilimia 10. Mzigo wa dola 1,000,000 unatoa mrabaha wa 100,000, na 15,000 ni za wenyeji bila kungoja Kinshasa. Kama hesabu hiyo inawezekana kwa mrabaha, inawezekana kwa ushuru wa forodha pia.

Hata hivyo, kulipa moja kwa moja hakutoshi. Desemba 2023 madiwani walichaguliwa katika baadhi ya komini tu. Sekta na maeneo ya machifu yakabaki bila baraza la kuchaguliwa, kwa hiyo anayepanga matumizi ndiye anayetumia na ndiye anayejikagua. Mgodi ukikalia mpaka wa maeneo mawili, ugomvi wa ile 15 huanza mara moja. Mgawo wao uandikwe kabla ya malipo ya kwanza, na taarifa ya benki ibandikwe mlangoni mwa ofisi kila miezi 3.

Wapo wanaohofu kwamba majimbo ya migodi yatajitajirisha peke yao. Hofu hiyo ni ya haki, na kifungu cha 181 kimeishughulikia: hazina ya usawazishaji, yenye asilimia 10 ya mapato ya taifa, kwa ajili ya majimbo yaliyo nyuma. Nayo ipewe fungu lake kamili.

Kikao cha budjeti hufunguliwa Septemba 15. Wabunge wa Haut-Katanga na Lualaba wadai jambo moja: benki inayopokea kodi igawanye 60 na 40 siku ileile.

Msomaji wenu,
Lubumbashi