Msisome majina ya wanaodaiwa ahadi kanisani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazee wa makanisa hapa Moshi.

Mwanzo wa mwaka msharika hujaza kadi ya ahadi, kisha hupewa bahasha zenye namba yake. Fedha ya bahasha huandikwa daftarini. Ya kapuni haina jina. Hapo ndipo panapoharibika. Chukua mama anayeuza ndizi Mbuyuni, aliyeahidi shilingi 120,000. Kila Jumapili anatia 500 kapuni, maana kuifunga 500 kwenye bahasha anaona aibu. Mwaka ukiisha ametoa 26,000, lakini daftari linasema sifuri. Majina ya wanaodaiwa yakisomwa, lake limo, sawa na la mwenye gari aliyesahau tu.

Mwenye gari hulipa jioni ile ile kwa simu. Mama huhamia viti vya nyuma, halafu huonekana Krismasi na Pasaka, halafu basi. Jina halifuti, kwa sababu anawaza mazishi: nani atakuja kumzika? Kisha kikaoni tunasikia kwamba watu wa Pasua na Njoro imani yao imepoa. Maneno hayo yananiuma. Wapo wanaokesha wakiomba kwenye vibanda vya mabati, ambako hakuna anayeuliza namba ya bahasha.

Walawi 5 ililiona hili zamani: asiyeweza mwanakondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, naye akishindwa, sehemu ya kumi ya efa (kipimo cha kale) ya unga. Jirani zetu Waislamu nao wana nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali inayotolewa zaka, kama thamani ya gramu 85 za dhahabu. Mali isiyofika hapo haidaiwi zaka ile ya asilimia 2.5, na fukara ndiye mpokeaji.

Kwa hiyo kadi iulize kiasi cha wiki, si cha mwaka. 500 ni ahadi kamili. Anayeleta mkungu au trei ya mayai, bei iliyofikiwa mnadani baada ya ibada iandikwe kwenye namba yake, si ya mnunuzi peke yake. Matangazo yataje jumla ya kila mtaa. Anayedaiwa afuatwe nyumbani na mzee wa mtaa, aulizwe kwanza hali yake. Na mtoto asinyimwe ubatizo wala kipaimara kwa deni la mzazi. Huyo hakujaza kadi yoyote.

Mtunza hazina wa usharika,
Moshi