Arifa ya maandamano si ombi la ruhusa

Kwa Mhariri,

Tarehe 29 Februari 2024, Katibu Mkuu wa chama cha madaktari cha KMPDU, Dkt. Davji Atellah, alijeruhiwa kichwani na mkebe wa gesi ya kutoa machozi jijini Nairobi, madaktari walipokuwa wakiandamana kudai wanagenzi wapewe nafasi za kazi. Mkebe huo ni chombo kigumu, na ukifyatuliwa kuelekea vichwa vya watu badala ya juu, unaweza kuua.

Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na kifungu cha 41 kinampa mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi waarifiwe siku 3 hadi 14 kabla. Waarifiwe, si waombwe. Hata hivyo, mara nyingi arifa hiyo huchukuliwa kana kwamba ni ombi linaloweza kukataliwa, na hapo ndipo virungu huanza.

Naisihi IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, imfuatilie kila afisa anayemlenga mwandamanaji, pamoja na mkubwa aliyetoa amri.

Msomaji wako,
Nairobi