Barua kwa Babu kutoka Townsville

Shikamoo Babu,

Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, na kifua cha Bibi kimetulia.

Siku naondoka ulinizungusha kihambani ukanionyesha masale ya mpakani, hata lile lililojificha nyuma ya migomba. Nilikuwa na haraka ya basi. Nimelikumbuka huku, tena maktabani.

Maktaba ya chuo chetu imepewa jina la Eddie Koiki Mabo. Alikuwa mtunza bustani hapahapa chuoni, mzaliwa wa kisiwa cha Mer, kaskazini kabisa mwa Australia. Siku moja aliwasimulia wahadhiri wa historia habari za shamba lake la kisiwani. Wakamwambia kisheria ile ni ardhi ya serikali. Hakuamini masikio yake.

Tangu Waingereza waweke makazi mwaka 1788, nchi hii ilihesabiwa kama haikuwa na mwenyewe, na Waaborijini, wenyeji wake wa asili, walikuwapo makumi ya maelfu ya miaka! Mwaka 1963 Wayolngu, Waaborijini wa Yirrkala huko kaskazini, walipeleka bungeni ombi kuhusu ardhi yao likiwa limebandikwa kwenye magome ya mti. Baadaye wakaenda mahakamani, na mwaka 1971 wakashindwa. Jaji alikubali kwamba wana sheria zao, ila akasema sheria ya Australia haiutambui umiliki wao. Babu, hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kwanza.

Mabo na wenzake wanne walifungua kesi mwaka 1982. Mwaka 1989 jaji alikwenda mpaka Mer kusikiliza ushahidi. Watu wakaeleza mashamba yao yanapoishia, kwa miti na mawe, na nani kamrithi nani. Nikaliona lile sale nyuma ya migomba.

Tarehe 3 Juni 1992 mahakama ya juu kabisa iliwapa haki, majaji 6 kwa 1. Mabo alikuwa amefariki Januari ya mwaka huohuo. Inaniuma mno.

Waaborijini wa bara nao wakafunguliwa mlango, lakini ni mwembamba: lazima wathibitishe kwamba uhusiano wao na ardhi haukukatika. Waliofukuzwa kwao kwa bunduki watathibitishaje?

Babu, nakuomba umzungushe mdogo wangu kama ulivyonizungusha mimi, safari hii bila haraka. Umwambie kila sale alipanda nani, na jirani alikuwa nani siku ile. Arekodi sauti yako kwenye simu, kisha aandike kwenye daftari. Nami nitumieni nakala.

Mjukuu wako,
Neema