Risasi zinapiga juu ya alama ukiwa mita 100? Subiri kwanza, usiguse kliki

Wiki iliyopita ameingia mteja dukani amefura kweli, kaweka bunduki mezani anasema sisi matapeli, tumekula hela yake na zero hatujaweka, yaani ule umbali ambao risasi inagonga palepale unapolenga. Ni bunduki ya risasi za .30-06, skopu (darubini ya kulengea) tuliifunga sisi wenyewe mwezi wa sita. Nikamwambia kaa kaka, nielezee taratibu. Akasema alipofika kambini huko upande wa Longido alipiga risasi tatu kwenye boksi mita 100, zote zikapanda juu ya alama kama vidole vitatu. Basi akafungua kifuniko cha skopu akashusha kliki tisa mwenyewe (zile hatua ndogo za kuzungusha skopu ihamishe alama) mpaka risasi zikakaa katikati. Kesho yake swala granti kasimama ubavu kabisa, mita 250 hivi, akalenga bega, risasi ikavunja mguu wa mbele. Walifuata damu mpaka giza, hawakumpata, na mnajua mnyama ukimjeruhi akapotea umeshamlipia.

Malalamiko haya kila msimu yanarudi, ndo maana naandika.

Bunduki ile hatukuikosea. Mwenyewe alisema anaenda mbuga ya wazi, tukaweka zero mita 200. Skopu inakaa juu ya mtutu kama sentimita 4, kwa hiyo risasi inatoka chini ya jicho lako, inapanda, inakata mstari wa skopu mara ya kwanza karibu mita 25, inapita juu yake halafu inashuka inaukata tena pale mita 200. Kwa .30-06 ya greni 180 (huo ni uzito wa risasi) hapo mita 100 LAZIMA iwe juu sentimita 6 hivi. Ukiiacha hivyo, mita 250 inashuka kama sentimita 11 tu na bado uko kifuani. Yeye kwa zile kliki tisa aliigeuza zero ikawa ya mita 100, na hapo mita 250 inashuka sentimita 27, hiyo ni miguu. Tulimwandikia namba zote kwenye karatasi tukabandika na selotepu kwenye kitako, na mpaka juzi ilikuwepo. Ila nakubali hatukukaa naye tukaisoma pamoja, sasa hivi tunakaa na kila mtu.

Ndo maana ukija tunakuuliza unaenda wapi na unawinda nini. Anayefuata nyati vichakani na .375, bunduki kubwa zaidi, ya greni 300 tunampa zero ya mita 100, hiyo hata mita 50 ipo palepale. Mita 200 inashuka kama sentimita 15, lakini nyati wa mita 200 mimi sikushauri umpige, sogea.

Sasa njia ya mkato. Watu wanasema fundi piga leza tu inatosha, yaani kulinganisha skopu na mtutu kwa mwanga bila kupiga risasi, au anapiga karatasi shambani mita 25 akiona imegusa alama anafunga safari. Leza inakusaidia risasi ya kwanza iguse karatasi, basi. Na hiyo mita 25, ukikosea sentimita 1 tu, ambayo kwa jicho unaona umepatia, mita 200 imeshakuwa sentimita 8. Kliki moja ni milimita 7 mita 100, lakini mita 25 haifiki hata milimita 2, utazungusha weee huoni tofauti.

Kuna mzee mmoja alinunua ringi (vishikio vya skopu) za milimita 30 na skopu yake ni ya inchi moja, yaani milimita 25 hivi. Badala ya kubadilisha akakata mpira wa tyubu ya baiskeli akajaza pale kati, akakaza skrubu kwa nguvu zote. Ni .375 ile, teke lake mnalijua. Alivyotuletea skopu ilikuwa imeteleza mbele karibu upana wa kidole, ina mikwaruzo mirefu kwenye rangi na mpira umetoka pembeni kama ulimi. Ringi sahihi zingemgharimu kidogo sana, akaishia kununua skopu nyingine.

Wanaosema bei yetu kubwa, kazi hii inakula nusu siku. Tunapiga risasi tatu, tunasubiri mtutu upoe kabisa maana porini risasi ya kwanza inatoka mtutu wa baridi, tunarekebisha, tunarudia, na tunamaliza kwenye umbali wenyewe uliotaka, hatukadirii. Halafu skrubu zote zinakazwa kwa kipimo, barabara za porini zinalegeza kila kitu.

Njoo na leseni yako na risasi zilezile utakazowindia. Ukibadilisha uzito wa risasi baada ya hapo, zero imeondoka.

Yule kaka tulirudisha kliki zake tisa bila hela, tukaenda naye uwanjani tukatundika karatasi mita 200. Alipiga tatu mwenyewe, zote zikaingia kwenye duara dogo kuliko kiganja. Karatasi ameondoka nayo.