Kichanga akifa, tuulize kafa na nini

Mhariri,

Nimezalisha akina mama Kigoma hadi nikastaafu, na naomba nafasi nizungumzie jambo tunalolikwepa: kuchunguza maiti za watoto wachanga.

Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za mwaka 2015/16 na 2022, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Vya wachanga, wale wasiofikisha mwezi, vilitoka 25 hadi 24 tu. Hapo tumekwama, na kwa maoni yangu ni kwa sababu sehemu kubwa ya tunayoandika kwenye faili ni kukisia. Mtoto akizaliwa amelegea, hapumui vizuri, tunaandika kakosa hewa. Kumbe huenda aliambukizwa angali tumboni. Kwa macho huwezi kutofautisha.

Wengi wakisikia uchunguzi wa maiti wanawaza kisu. Siku hizi ipo njia ya sindano: huchukuliwa vipande vidogo vya ini, mapafu na ubongo pamoja na damu, mwili haupasuliwi, na maziko hayasubiri majibu. Kwetu Ujiji, ambako maiti haicheleweshwi bure, hilo si dogo. Wenzetu wa Kisumu na Siaya nchini Kenya wameitumia chini ya CHAMPS, mtandao unaochunguza sababu za vifo vya watoto. Vipimo vya mtandao huo vimekuta mara nyingi Klebsiella, bakteria anayesambaa kirahisi wodini kwa mikono na vifaa. Huyu hasikii ampisilini, na ampisilini na jentamisini ndizo dawa tunazomwanzishia kichanga mwenye maambukizi! Usipochunguza, utaendelea kuchoma sindano ileile.

Jibu lisipopatikana, mzigo humwangukia mama. Eti alibeba ndoo, eti ana mkosi, eti kuna jirani. Nimeona wanawake wakirudishwa kwao kwa maneno hayo.

Naomba mkoa uanze na hospitali moja tu. Kondo la nyuma lipimwe badala ya kutupwa, wataalamu wafundishwe njia ya sindano, masheikh na wachungaji washirikishwe mapema, na wazazi waombwe ridhaa kwa upole, wakikataa, basi. Majibu yafike kwenye kikao cha kujadili vifo, kisha mama mwenyewe aitwe aelezwe, kwa Kiha ikibidi.

Mkunga mstaafu,
Ujiji, Kigoma